Kaambiwa ini ni zima, sasa madoa na ganzi ya miguu vinatoka wapi?

"Shikamoo daktari. Naandika kwa niaba ya mama yangu, ana miaka 58, tunaishi Makorora hapa Tanga. Anauza samaki, alfajiri yuko Deep Sea kununua, mchana anakaanga mpaka jioni, yani siku nzima amesimama. Huu mwaka wa pili vidole na magoti vinamuuma, akaambiwa ni baridi yabisi kwa sababu kipimo cha RF kilitoka juu, akawa anameza diklofenaki karibu kila siku, na hijama kafanya mara tatu. Baadae miguu ikaanza kutoka madoa madogo mekundu kama kang'atwa na viroboto, yanageuka kahawia, yanapotea, yanarudi. Usiku nyayo zinawaka moto na zina ganzi. Mwaka jana kagundulika na sukari, anatumia glibenklamidi. Mwezi uliopita anaandaliwa upasuaji wa mtoto wa jicho akapimwa akakutwa na homa ya ini C. Aliwahi kuongezewa damu mwaka 1987 alipomzaa kaka yangu. Tumepiga altrasaundi, tukaambiwa ini ni zima, hana haja ya dawa, arudi baada ya mwaka. Nyumbani shangazi kamtengea sahani na kikombe, majirani wanasema katupiwa kitu miguuni. Naomba kujua, haya madoa na ganzi yanahusiana na hiyo homa ya ini au ni magonjwa mengine? Na kama ini ni zima tusubiri?"

Marahaba mwanangu, na mama nisalimie sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijaeleza chochote nianze na jambo moja ambalo halisubiri: hiyo diklofenaki asiimeze tena kuanzia leo. Sababu nitaifikia, ila hata kama huna muda wa kusoma yote basi ondoka na hilo. Maumivu yakimzidi atumie paracetamol, isizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima, mpaka tujue ini lake likoje kweli.

Sasa swali lako. Ndio, inawezekana kabisa madoa, maumivu ya viungo, nyayo kuwaka na hata hiyo sukari vikawa na mkono wa kirusi kimoja, na inawezekana hata kama ini halijachakaa. Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyo kwa mama kwa kusoma barua tu, lakini ulivyoyapanga mambo yake, mtu aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa aina hii lazima ashtuke.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Tukisema "homa ya ini" kila mtu anatazama ini, likionekana sawa kwenye altrasaundi basi watu wanashusha pumzi wanarudi nyumbani. Kweli kirusi C kinazaliana zaidi kwenye seli za ini, lakini kinatembea na damu mwili mzima, na sio mgeni wa waja leo waondoka leo. Katika watu kumi wanaokipata, kama watatu hivi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya miezi sita, saba waliobaki wanakaa nacho maisha yote wasipotibiwa. Kama mama alikipata kwenye ile damu ya 1987, basi anaishi nacho karibu miaka 40. Na hapo nisisitize, kirusi chenyewe kiligunduliwa mwaka 1989, kwa hiyo 1987 hakukuwa na daktari popote duniani ambaye angeweza kuipima ile damu, msije mkaanza kutafuta wa kumlaumu.

Miaka yote hiyo kinga ya mwili haijalala. Fikiria sungusungu wa mtaa ambao mwizi wao hakamatiki, kila usiku filimbi, kila usiku mbio, mwisho wanaanza kukamatana wenyewe kwa wenyewe. Ndicho kinachotokea kwenye seli za kinga zinazoitwa seli B, kazi yake ni kutengeneza kingamwili, zinachokozwa bila kupumzika mpaka baadhi zinaanza kutoa kingamwili mbovu, ambazo badala ya kumshika kirusi zinazishika kingamwili nyenzake. Na hiyo kingamwili inayoshika nyenzake ndio hiyo hiyo inayoitwa RF kwenye karatasi ya maabara! Yani RF kuwa juu peke yake haithibitishi baridi yabisi hata kidogo, mtu mwenye kirusi C anaweza akawa na RF ya juu sana na wala hana ugonjwa ule. Kuna kipimo kingine kinaitwa anti-CCP kinasaidia kutofautisha, kwenye baridi yabisi yenyewe mara nyingi kinatoka chanya, kwenye maumivu ya kirusi C mara nyingi hasi. Mwombeni daktari akiongeze.

Hizo kingamwili zikishikamana zinakuwa mabonge ya protini yanayoitwa krayoglobulini, na tabia yake ya ajabu ni kuganda kwenye baridi na kuyeyuka kwenye joto. Nyie watu wa Tanga mnajua mafuta ya nazi yanavyofanya kipupwe kikiingia, jioni umeyaacha maji kwenye chupa, alfajiri unakuta meupe yameganda, unaiweka chupa juani yanarudi maji. Ni vile vile. Watu wengi wenye homa ya ini C ya muda mrefu, karibu nusu, wakipimwa vizuri wanakutwa nazo na wala haziwasumbui, ni wachache ndio zinawaletea ugonjwa. Kwa hao wachache mabonge yanakwama kwenye kuta za mishipa midogo midogo ya damu, kinga inaishambulia ile mishipa, inavimba, damu inavuja nje kidogo kidogo chini ya ngozi. Hayo ndio madoa. Na yanapenda miguu kwa sababu damu ya miguuni inapanda juu kwa shida, mtu akisimama kutwa nzima mbele ya karai la mafuta presha ya mishipa ya miguu inakuwa kubwa, madoa yanatoka zaidi jioni au kesho yake. Muulize mama kama siku asiyokwenda sokoni yanapungua.

Kuna kitu unaweza kukiangalia leo mwenyewe. Chukua glasi ya kioo isiyo na maua, ibonyeze juu ya doa jekundu huku unatazama kwa ndani. Doa la mzio au la kung'atwa na mdudu likibonyezwa linapauka, damu inasogea. Doa likibaki jekundu vile vile, na ukipitisha kidole unasikia limeinuka kidogo, ujue ni damu iliyoshatoka nje ya mshipa, huyo mtu anatakiwa kuonwa na daktari mapema, sio kupakwa mafuta ya mgando.

Ganzi na kuwaka kwa nyayo kunaeleweka hivyo hivyo, mishipa ya fahamu nayo inalishwa na vimishipa vidogo vya damu, vikivimba neva inakosa chakula, na neva ndefu zaidi mwilini ndio zinazofika nyayoni kwa hiyo zinaumia mwanzo. Ila hapa niwe mkweli, sukari nayo inaleta ganzi ya nyayo, tena ndio sababu tunayoiona mara nyingi zaidi. Kwa mama inaweza ikawa sukari, ikawa kirusi, au vyote viwili, daktari atakayemshika miguu ndiye atakayejua. Hata hiyo sukari kirusi C kina mchango, kinaifanya insulini isifanye kazi vizuri, na waliokaa nacho muda mrefu wanapata kisukari kuliko wenzao wasio nacho.

Sasa figo, na hapa ndio nafika kwenye diklofenaki. Figo ni furushi la mishipa midogo ya kuchuja. Krayoglobulini zikikwama pale chujio linatoboka, protini inapita kwenye mkojo, presha inapanda, miguu inajaa. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao zinabana damu inayoingia kwenye chujio hilo hilo, ongeza na sukari, unakuta figo moja inapigwa na watu watatu.

Nilimhudumia mzee mmoja wa upande wa Pangani, mvuvi, kazungushwa miaka mitatu na dawa za baridi yabisi, anafika kwangu mkojo una povu kama la sabuni ya unga na kreatinini, ule uchafu wa damu unaotakiwa kuchujwa na figo, imepanda. Miguu yake ilikuwa na alama za kahawia kutoka vifundoni mpaka chini ya magoti, kama mtu aliyetembea kwenye tope la mikoko likamkaukia. Kipimo cha kwanza cha krayoglobulini kikarudi kwamba hakuna. Tukauliza damu ilisafirije, kumbe ilipakiwa kwenye boksi la barafu kama sampuli nyingine, kwa hiyo protini zote ziliganda njiani zikakaa chini na bonge la damu, maabara wakalitupa bonge wakapima maji yaliyobaki. Mara ya pili tukapasha chupa kabla ya kuchota, na kijana wa maabara akaitia kwapani akatembea nayo mpaka kwenye beseni la maji ya nyuzi 37. Yale maji ya damu yalipotengwa ndipo yakaingia kwenye friji. Siku ya tatu chini ya chupa palikuwa na utando mweupe, ukiifumbata mkononi dakika chache unatoweka. Nasimulia hivi kwa sababu kipimo hiki kinaharibiwa na usafiri kuliko kitu kingine chochote, mama akiandikiwa ulizeni mapema chupa itatunzwaje. Na kama kwenu hakipatikani, C4, moja ya protini za kinga zinazopimwa kwenye damu, ikiwa chini sana pamoja na RF ya juu kwa mtu mwenye kirusi C ni dalili nzito, daktari anaweza akaanzia hapo.

Yapo mengine nayapitia haraka: macho na mdomo kukauka, malengelenge mgongoni mwa mikono kwa wanaokaa juani, mabaka ya zambarau yanayowasha, uchovu ambao hata ulale vipi haupungui, na akili kuwa nzito na moyo kukosa raha. Uchovu msiudharau, watu wanaambiwa wavivu. Na kwa wachache sana, seli B zikichokozwa miaka mingi zinaweza kugeuka saratani ya tezi za kinga (limfoma), ndio maana mtu mwenye kirusi hiki akitoka tezi shingoni au kwapani, anakonda, anatoka jasho la kulowesha shuka usiku, asikae nyumbani.

Nirudi kwenye "ini ni zima". Altrasaundi inaona umbo la ini, uvimbe, maji tumboni, lakini makovu ya mwanzo na ya kati inaweza isiyaone kabisa. Kuna hesabu rahisi inaitwa FIB-4, inataka umri wa mgonjwa, AST na ALT (vimeng'enya vya ini) na idadi ya chembe sahani zinazogandisha damu, vyote vinatoka kwenye vipimo vya kawaida vya damu, inampa daktari picha nzuri zaidi kama makovu yapo. Ikifanyika na ikatoka chini, alhamdulillah, ila kwa sasa hamjui.

Na kabla ya hapo kuna swali lingine: kipimo alichofanyiwa ni kipi? Kile cha haraka cha kudondosha tone la damu kinaangalia kingamwili, kinasema tu mwili uliwahi kukutana na kirusi. Wale watatu katika kumi waliopona wenyewe nao kinawatoka chanya, na hata aliyetibiwa akapona kitaendelea kuwa chanya maisha yake yote. Anachohitaji mama ni kipimo cha kirusi chenyewe, wanakiita RNA au wingi wa virusi. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima TB, ikipata katriji yake inakifanya, ulizeni kama ipo karibu au sampuli inapelekwa wapi.

Kirusi kikionekana, jibu langu kwenye "tusubiri?" ni hapana. Huo ushauri wa kusubiri ini liharibike ni wa zamani, enzi za sindano za interferoni, mtu anachomwa mpaka wiki 48, homa, sonona, na anayepona ni kama nusu tu, kwa hiyo madaktari walikuwa wanachagua wa kumtesa. Siku hizi ni vidonge. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila mwenye kirusi C cha kudumu kuanzia miaka 12 atibiwe bila kusubiri makovu. Mseto unaotumika sana ni sofosbuvir na daclatasvir, mara moja kwa siku kwa wiki 12 kama ini halina makovu makubwa, na zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona, kupona kwenyewe kabisa kirusi kinatoka. Gharama msiidharau katika mipango yenu, ila imeshuka mno: sofosbuvir ilipoanza kuuzwa Marekani Desemba 2013 kidonge kimoja kilikuwa dola 1,000, leo zipo za nakala kutoka India kwa sehemu ndogo sana ya pesa hiyo. Ulizeni bei ya dozi nzima na kama bima inabeba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, kukatishia njiani ni hasara mbili.

Kabla ya kuanza apimwe homa ya ini B, hii wengi wanairuka. Kirusi B kikiwepo kimelala, C kikiondolewa ghafla B kinaweza kuamka kikali. Apimwe pia HIV, kreatinini na mkojo kama una protini au damu. Aseme dawa zote anazotumia, maana rifampisini ya TB, baadhi ya dawa za kifafa na amiodaroni ya moyo hazikai nyumba moja na hivi vidonge. Na glibenklamidi yake iangaliwe kwa karibu sana, kirusi kikiondoka insulini inaweza kuanza kufanya kazi vizuri, dozi ile ile iliyokuwa inamtosha ikamshusha sukari kupita kiasi. Akitetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, maneno yanapotea, mpe kitu cha sukari hapo hapo kisha hospitali.

Atarajie nini? Madoa kwa wengi ndio ya kwanza kupungua, wiki hadi miezi. Viungo vinafuata, na kama kirusi kimetoka ila vidole bado vinavimba, hapo ndio turudi kutafuta kama baridi yabisi nayo ipo kweli. Neva zinapona taratibu, pengine mwaka na zaidi, pengine zisirudi zote, ndio sababu nyingine ya kutochelewa. Krayoglobulini zenyewe zinaweza kubaki kwenye damu hata baada ya kirusi kuondoka, kwa hiyo figo ziendelee kufuatiliwa. Ikiwa mishipa imeshambuliwa vibaya, figo zinashuka au mguu unapooza, vidonge vya kirusi peke yake haviwahi, bingwa ataongeza dawa za kutuliza kinga. Hizo ni za hospitali. Zile sindano za maumivu za dirishani, mara nyingi zina deksamethazoni ndani, zinampa nafuu ya siku tatu huku zinapandisha sukari na kumlisha kirusi.

Sasa sahani na kikombe. Mwambie shangazi, kwa heshima yake, avirudishe kabatini pamoja na vingine. Kirusi hiki kinapita damu kwa damu, hakipiti kwenye ugali, kikombe, kukumbatiana, wala mjukuu kulala na bibi yake. Misri kiliwahi kuwa kingi kuliko karibu nchi yoyote, chanzo kikubwa ni sindano za kichocho zilizochomwa watu wengi kwa sindano zile zile, kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1980 na kitu. Sindano ndio ilifanya vile, sio sinia la chakula. Kwa hiyo vya kumtengea mama ni wembe, kikata kucha na mswaki, basi. Hijama aisimamishe kwanza, miguu yenye madoa na ganzi haitaki kuchanjwa, na yule anayemfanyia mwambieni ukweli, kila mtu wembe mpya na vikombe visivyorudiwa bila kutakaswa, maana foleni yake ina watu wengine. Wewe na wadogo zako mliozaliwa baada ya 1987 mkapime, mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua, sio kwa wingi, kama watano hivi katika mia, ila kipimo ni cha mara moja mnalala usingizi. Baba naye apime. Chanjo ya C hakuna, iliyopo ni ya B, msichanganyiwe.

Majirani wanaosema katupiwa kitu, usibishane nao. Wanaona madoa yanakuja na kuondoka bila sababu wanayoijua, wewe sasa unayo sababu ya kwenda kuichunguza.

Mpeleke hospitali ya Bombo, kliniki ya magonjwa ya ndani, wiki hii, asikae mpaka mwaka uishe. Asisubiri hata kliniki, aende dharura, kama mkojo umekuwa na povu jingi au rangi ya chai, uso umevimba asubuhi, kidonda kimefunguka mguuni, ncha ya kidole imekuwa nyeusi, mguu unaburuta hauinuki, anakohoa damu au anatapika damu, tumbo limejaa, au anaongea vitu visivyoeleweka. Siku ya kwenda beba karatasi zote hata za miaka miwili nyuma, paketi za dawa zote hadi za mitishamba, na zile picha za madoa zipige leo jioni akitoka kwenye karai, kwa mwanga mzuri, kwa sababu siku ya daktari inaweza ikakuta miguu imetulia na hakuna cha kuona.